Maswali Yenu ya Picha: Waliolima Hilo Shamba Wako Wapi?

Toleo lililopita tulichapisha picha moja ya kisiwa cha Java ya karne ya 19, ile yenye volkano nyuma, minazi pembeni na bonde la kijani katikati, kutoka kwenye mfululizo wa Abraham Salm. Nilidhani itapita kimyakimya kumbe barua zimekuja nyingi na nzito, kwa hiyo safari hii ukurasa wote nauachia mada hiyohiyo, yaani wazungu waliokwenda kuchora mandhari ya makoloni ya nchi za joto. Barua nimezifupisha, majina sijaweka.

SWALI: Shikamoo mhariri. Hiyo picha ya Java nimeitazama sana. Babu yangu alikuwa manamba kwenye mkonge hapa Tanga na kwa alivyotusimulia shamba kubwa halinyamazi vile, kuna watu mamia, kuna kelele, kuna mnyapara. Kwenye picha naona watu wachache wadogowadogo na nafasi tupu. Huyo mzungu alichora alichokiona au alitunga? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Ni vyote viwili, aliona na akatunga, na hapo kwenye kutunga ndo kuna stori. Salm hakuwa mpita njia. Alizaliwa Amsterdam mwaka 1801, akaenda Java akafanya biashara, mwisho akawa na shamba la tumbaku huko Malang mashariki ya kisiwa, kuchora lilikuwa penzi lake pembeni ya biashara. Picha zake zikachukuliwa na fundi wa litografia, yaani uchapaji wa picha kwa kutumia jiwe, J. C. Greive, zikachapishwa kwa rangi na kuuzwa Amsterdam kati ya mwaka 1865 na 1872. Sasa jiulize mwenye shamba akichora nchi ya mashamba atachora nini? Atachora vile anavyopenda ionekane, na vile mnunuzi wa Amsterdam anavyotaka kuiona ukutani kwake.

Halafu kulikuwa na fomula. Wachoraji wa Ulaya walikuwa wameizoea tangu Claude Lorrain, Mfaransa aliyeishi Roma na kufariki mwaka 1682. Mbele unaweka giza kidogo na mti mkubwa wa kufunga upande mmoja, katikati unaweka mwanga, maji au bonde, nyuma kabisa milima ya bluu inayofifia. Watu unawapanga wawili watatu hapo mbele, wamepumzika au wanapita na mzigo, na kazi yao kubwa ni kumwonesha mtazamaji jinsi mti ulivyo mrefu na mlima ulivyo mkubwa, basi. Fomula hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mashamba ya Italia ikabebwa nzimanzima mpaka India, Jamaica na Java, msonobari ukatoka ukaingia mnazi. Ndo maana ukiweka picha ya Jamaica na ya Java meza moja unaweza kudhani kachora mtu mmoja.

Sasa tuje nje ya fremu, maana hapo ndo babu yako alipo. Mwaka 1830 gavana Johannes van den Bosch alileta Java mfumo ambao kijiji kilitakiwa kitenge moja ya tano ya ardhi yake kwa mazao ya kuuza Ulaya, miwa na nili hasa, na kahawa nayo ikachukuliwa kwa lazima huko milimani, vyote vinakabidhiwa serikali kwa bei iliyopangwa na serikali yenyewe. Hiyo ni kwenye karatasi. Kwenye mashamba ilizidi sana, wanavijiji walilima, wakakata, wakabeba mpaka kiwandani, wakatengeneza na barabara, shokoa kabisa, na maofisa wa Kiholanzi pamoja na watawala wa kienyeji walilipwa asilimia kulingana na mazao yaliyopatikana kwa hiyo kila aliye juu alikuwa na sababu ya kumkaza aliye chini. Miaka ya 1840 njaa ikaingia Cirebon, baadaye Demak na Grobogan, watu wakafa kwa maelfu kwenye kisiwa ambacho ardhi yake inatoa mpunga kila mwaka. Na miaka ya 1850 karibu theluthi ya mapato ya serikali ya Uholanzi yalikuwa yanatoka kwenye jasho hilo la Java. Mfumo ulianza kufumuliwa kwa sheria za mwaka 1870, yaani litografia za Salm zilikuwa zinauzwa wakati mambo haya bado ni ya jana tu.

Kwa hiyo mlima ni wa kweli, minazi ni ya kweli, hata mwanga ule wa asubuhi ni wa kweli na Salm aliupatia vizuri mno, sitamnyima hilo. Ila umeona pengo haraka kwa sababu stori ya shamba uliipata kwa aliyelilima. Naomba uendelee kutazama picha zote hivyohivyo.

SWALI: Mimi nachora, niko chuo Iringa. Nauliza kiufundi, walichora palepale porini na joto lote na mvua au? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Porini walifanya skechi. Penseli, rangi za maji kwenye karatasi ndogo, na maneno pembeni ya kukumbuka rangi, hapa kijani kibichi, hapa ukungu. Picha kubwa ya mafuta ilimaliziwa ndani, mara nyingi huko Ulaya, wakati mwingine miaka mingi baadaye, mchoraji yuko kwenye baridi anakumbuka joto. Hapo ndipo vitu vinaongezeka na vingine vinapungua bila mtu kujua. Rangi ya mafuta yenyewe ilikuwa mtihani kubeba, ilikuwa inafungwa kwenye vibofu vya nguruwe mpaka mwaka 1841 alipokuja John Goffe Rand, mchoraji wa Kimarekani aliyekuwa London, akasajili tyubu ya bati ya kukamua. Bila tyubu hiyo safari nyingi zisingewezekana. Bado kulikuwa na unyevu, ukungu unaota kwenye karatasi, na wadudu wanaotafuna. Na masanduku yote hayo, kanvasi, mwavuli, kiti cha kukunja, yalibebwa na wapagazi, ambao kwenye picha nyingi huwaoni.

Kamera nayo ilifika mapema kuliko watu wanavyodhani, Woodbury na Page walifungua biashara yao ya picha Batavia, ndiyo Jakarta ya leo, mwaka 1857. Lakini kamera ya wakati huo haikuwa na rangi, kwa hiyo mchoraji aliendelea kula.

SWALI: Asalaam aleikum. Je, wenyeji wenyewe hawakuchora? Kila siku tunasikia mzungu kachora, mzungu kaandika, mpaka inachosha. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullah. Nimelisubiri swali hili. Yupo mmoja mkubwa sana, na nyinyi wa Mombasa mtamwona kama ndugu wa mbali, maana ukoo wake kwa upande wa baba ni wa masharifu wa Hadhramaut, watu walewale waliotawanyika Lamu, Mombasa na Unguja na upande wa pili wa bahari wakafika Java. Anaitwa Raden Saleh Sjarif Boestaman. Alizaliwa karibu na Semarang, mwaka unaotajwa mara nyingi ni 1811.

Mwalimu wake wa kwanza alikuwa Antoine Payen, Mbelgiji aliyefika Java mwaka 1817 akiwa ameajiriwa na serikali ya Uholanzi achore mandhari kwenye safari za mtaalamu Reinwardt, yule aliyeanzisha bustani ya mimea ya Bogor mwaka huohuo. Ona hapo, mchoraji wa mandhari yuko kwenye mshahara wa serikali pamoja na mtu wa mimea, nchi inahesabiwa na kuchorwa kwa mpigo mmoja. Payen akaona kipaji cha kijana, akakisukuma, na mwaka 1829 Saleh akapelekwa Uholanzi. Huko akasoma picha za sura kwa Cornelis Kruseman na mandhari kwa Andreas Schelfhout, bingwa wa kuchora barafu na watu wanateleza juu ya mito iliyoganda, hebu fikiria kijana wa Java anafundishwa miti na mawingu na mtu wa barafu! Mwaka 1839 akaenda Ujerumani, Dresden wakampenda, akawa mgeni wa watawala, na alipoamua kurudi Java mwanzoni mwa miaka ya 1850 alikuwa amekaa Ulaya zaidi ya miaka 20.

Picha yake ninayoipenda kuliko zote ni ya moto wa msituni ya mwaka 1849, kubwa mno, mita tatu kwenda juu na karibu mita nne upana, iko Singapore siku hizi kwenye jumba la taifa la sanaa. Wanyama, chui milia wakiwemo, wamekimbizwa na moto mpaka ukingoni mwa genge na mbele yao hakuna pa kukanyaga. Akamtunuku mfalme wa Uholanzi. Sitaki kumwekea Saleh maneno mdomoni, hakutuandikia kwamba moto ule ni nini, lakini mimi kila nikiitazama siwezi kuona nchi tulivu ya kupumzikia. Na mwaka 1865 alichora Merapi inalipuka, mara mbili, mchana na usiku. Volkano hiyohiyo ambayo kwa wengine ni pambo la nyuma kwake inatema moto.

Halafu kuna ile ya kukamatwa kwa Diponegoro, ambayo ni picha ya historia lakini siwezi kuiruka. Diponegoro aliongoza vita ya Java dhidi ya Waholanzi kuanzia mwaka 1825, vita iliyoua Wajava wanaokadiriwa kufika laki mbili, akaitwa Magelang kwa mazungumzo, na tarehe 28 Machi 1830 Jenerali De Kock akamkamata hapohapo. Nicolaas Pieneman, ambaye hakuwahi kufika Java, aliichora kama kujisalimisha, bendera ya Uholanzi inapepea, jenerali yuko ngazi moja juu anaonesha kidole kwenye gari la farasi na mtu wetu yuko chini yake kapoa. Raden Saleh mwaka 1857 akaichora upya. Bendera hakuna. Diponegoro yuko katikati, usawa mmoja na jenerali, uso umejaa hasira aliyoizuia kwa nguvu. Na vichwa vya maofisa wa Kiholanzi ni vikubwa kupita miili yao, na huyu ni mtu aliyesomea sura za watu miaka na miaka, hakukosea vipimo. Picha hii nayo akampelekea mfalme wa Uholanzi. Mwaka 1978 ikarudishwa Indonesia. Raden Saleh mwenyewe alifariki Bogor mwaka 1880.

Na waliokuja baada yake hawakunyamaza. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mchoraji S. Sudjojono aliwasema waziwazi wachoraji wa nchi yake waliokuwa wanaendelea kuuzia watalii picha za mlima, mnazi na jaruba la mpunga, akawaambia wachore maisha ya watu kama yalivyo. Alisema hivyo Waholanzi bado wanatawala.

SWALI: Habari za kazi. Wachoraji hawa walijua kuhusu utumwa na kulazimishwa kazi, au tunawahukumu kwa macho ya leo? (Msomaji, Toronto)

JIBU: Nzuri tu. Walijua. Chukua James Hakewill, Mwingereza, msanifu majengo, alikaa Jamaica mwaka 1820 na 1821, na mwaka 1825 akatoa kitabu cha picha 21 za mashamba ya miwa kama Rose Hall, Trinity na Montpelier. Kitabu akawatunukia wenye mashamba. Wakati huo Uingereza kuna vuguvugu kubwa la kupinga utumwa, magazeti yanaandika, Bunge linabishana, kwa hiyo picha za mashamba tulivu, ng'ombe wanakunywa maji, jengo jeupe la kusindika sukari liko mbali kama kanisa la kijijini, zilikuwa zinasema jambo kwenye mjadala huo hata kama hazina maneno. Watumwa wamo, wachache, wametulia, wakati shamba moja kama hayo lilikuwa na mamia.

Miaka sita tu baadaye, Krismasi ya mwaka 1831, watumwa wa upande wa magharibi wa Jamaica waligoma na kuinuka, kiongozi wao Samuel Sharpe, mashamba yakaungua moja baada ya jingine. Mwaka 1833 Adolphe Duperly akatoa litografia ya Montpelier, shamba lilelile alilolichora Hakewill, safari hii linashambuliwa na waasi. Zitafute zote mbili uziweke pamoja, hakuna somo zuri zaidi ya hilo. Sharpe alinyongwa Mei 1832. Utumwa ukafutwa kwenye makoloni ya Uingereza kuanzia Agosti 1, 1834, na kwanza watu wakabakizwa kwenye kazi ya lazima kwa mabwana walewale mpaka 1838. Paundi milioni 20 za fidia zilikwenda kwa wenye watumwa, watumwa wenyewe hawakupewa hata senti.

Kwa hiyo si macho ya leo. Ni macho ya watu wa wakati uleule, Samuel Sharpe alikuwa na macho.

SWALI: Nafanya kazi za misitu. Kuna hata mmoja aliyechora uharibifu wenyewe? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Yupo, na ni picha ambayo watu wa misitu mngeibandika ofisini. Félix-Émile Taunay, Mfaransa aliyehamia Rio de Janeiro na familia yake mwaka 1816, akaja kuwa mkuu wa chuo cha sanaa cha dola. Brazili ilikuwa imeshajitoa kwa Ureno mwaka 1822, lakini utumwa uliendelea mpaka 1888. Mnamo mwaka 1843 Taunay alichora msitu wa asili unageuzwa mkaa. Upande mmoja miti mikubwa bado imesimama, upande mwingine ni kilima kimenyolewa, kuna moshi, na kuna watumwa wakiwa kazini. Fomula ya Claude ameitumia ileile, mti mkubwa pembeni na mwanga katikati, ila ule mwanga katikati umepatikana kwa sababu miti imekatwa! Mimi nimekaa na picha hii muda mrefu.

Na yaliyofuata ni ya kweli kabisa. Vilima vya Tijuca juu ya Rio vilifyekwa kwa kahawa na mkaa mpaka vyanzo vya maji ya mji vikaanza kukauka, mfalme Pedro II akaagiza msitu urudishwe, na kuanzia mwaka 1861 Manuel Gomes Archer akasimamia upandaji, miche laki moja hivi kwa miaka 13. Waliochimba mashimo na kupanda walianza wakiwa watumwa sita, na majina yao yamebaki, Eleutério, Constantino, Manuel, Mateus, Leopoldo na Maria. Watalii wanaopanda kwenda kuiona sanamu ya Kristo kule Rio leo wanapita kwenye msitu uliopandwa kwa mikono.

SWALI: Huku kwetu Kigoma tunamjua Livingstone kwa sababu ya Ujiji. Hakuwa na mchoraji? (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Alikuwa naye. Thomas Baines, alijiunga na msafara wa Zambezi mwaka 1858, mwaka uliofuata Livingstone akamfukuza kwa tuhuma za wizi wa vitu vya msafara, tuhuma ambazo Baines alizikataa mpaka anakufa na wanahistoria wengi wanamwona hakuwa na hatia. Mwaka 1862 akarudi kwa njia nyingine na James Chapman mpaka kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, akachora, na mwaka 1865 London wakachapisha albamu yake ya maporomoko hayo, ambayo wazungu waliyaita kwa jina la Malkia Victoria. Ana nyati wamefika ukingoni mwa maji, ana upinde wa mvua, ana ukungu unapanda. Baines ni mwaminifu kuliko wengi, watu wa huko aliwachora kwa karibu mara nyingi.

SWALI: Wanawake je? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Marianne North, Mwingereza, alizunguka Jamaica, Brazili, Borneo, Java, Sri Lanka, India, mpaka Ushelisheli mwaka 1883, anachora mimea kwa rangi za mafuta. Akajenga jumba kwa pesa yake kwenye bustani ya Kew, London, likafunguliwa mwaka 1882, picha zaidi ya 800 zimebanana ukutani. Mimea yake ni hai kweli, unaona jani limetobolewa na mdudu. Watu ni wachache sana. Na alikuwa Brazili miaka ya 1872 na 1873 utumwa ukiendelea, tena alikaa kwenye nyumba ya wakubwa wa mgodi wa dhahabu wa Waingereza ulioendeshwa kwa watumwa.

SWALI: Nafundisha sekondari, ningependa kuzitumia darasani lakini vitabu ni ghali. Nifanyeje? (Mwalimu, Lindi)

JIBU: Mwalimu, vitabu usihangaike navyo. Jumba la Rijksmuseum la Amsterdam limeweka mtandaoni picha zake kwa ukubwa wa kuchapa, bure, ile ya Pieneman ya Diponegoro iko humo. Nenda stesheneri uprinti A3. Wape wanafunzi dakika nzima ya kutazama bila kuwaambia chochote, halafu waulize mchoraji alisimama wapi, ardhi aliyosimama ilikuwa ya nani wakati huo, picha alimuuzia nani, na hilo shamba nani kalilima. Swali la mwisho waache wabishane, usiwasaidie. Baadaye wachore wenyewe korosho au mkonge wa hapo Lindi, kila mmoja aamue atawaweka watu wangapi mbele na wakubwa kiasi gani. Kama intaneti ya huko inasumbua andika tena kwenye ukurasa huu, nitakutumia picha kwa simu, ya Salm, ya Pieneman, ya Raden Saleh na ya Taunay.